Mkono wa Ukurasa wa Themanini na Tatu

Kwanza ieleweke kwamba Mama Kanji hakumwomba mtu amtie kitabuni. Alikuwa na kitabu chake kimoja, cha sala, jalada lake limeshonwa kwa uzi, na hicho kilimtosha, maana kusoma kwenyewe alisoma kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe: silabi moja, anatua, silabi nyingine. Mwandishi wa gazeti ndiye aliyemfuata. Alikuja na kinasa sauti kidogo kama kiberiti, akakaa kwenye kigoda chake siku mbili, akanywa chai yake birika mbili, akasema, "Mama, naandika maisha ya marehemu Baba Askofu. Wewe uliyemfulia miaka thelathini na mmoja unamjua kuliko mapadri wote. Nieleze, usinifiche kitu."

Naye akaeleza. Kosa lake ni hilo tu.

Ukapita mwaka na miezi miwili. Jumatano moja mchana, Mama Kanji akiwa anapiga pasi shati jeupe la mteja, mke wa mwanawe akaingia na kitabu kwapani. Mkwe huyu alikuwa mwalimu wa darasa la pili, mwanamke wa kucheka kabla ya kusema. Siku hiyo hakucheka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona uso umekunjamana kama nguo iliyolala ndani ya ndoo?"

"Kitabu cha Baba Askofu kimetoka. Uzinduzi ni Jumamosi."

"Nimo?"

Mkwe akavuta kiti. "Tazama picha kwanza, mama."

"Nimeuliza kama nimo. Sijauliza picha."

"Ndiyo maana nasema utazame picha."

Mama Kanji akaiacha pasi pale ilipo, akapangusa vidole, akafungua. Baba Askofu mtoto, masikio makubwa. Baba Askofu siku ya upadri, amelala kifudifudi. Baba Askofu na wakubwa wa serikali, wote wamekaza midomo kama wanaoumwa meno. Halafu ukurasa wa themanini na tatu: Baba Askofu uani, karibu na karo la kufulia, amekunja mikono ya kanzu, ameshika shuka lililosokotwa, maji yanachuruzika. Upande wa pili wa shuka picha inaishia. Imekatwa. Lakini aliyekata hakukata vizuri, maana pembeni kabisa umebaki mkono wa mtu, kuanzia vidole mpaka chini kidogo ya kisugudi, umeshika ncha ya shuka. Na juu ya mkono huo kuna kovu la pembetatu, alama ya ncha ya pasi.

Mama Kanji akautazama mkono uliomo kitabuni. Akautazama wa kwake. Kovu ni lile lile.

Chini ya picha palikuwa na maneno. Mkwe akataka kumsomea, akakatazwa. "Niache. Nitasoma mwenyewe." Akaweka kidole. "Mnye-nye-ke-vu m-pa-ka mwi-sho. Ba-ba A-sko-fu a-ki-fu-a shu-ka za-ke mwe-nye-we."

Akatua. Akarudia silabi tatu za mwisho.

Kitu kikaanza kunuka. Shati la mteja lilikuwa limeungua mgongoni, pasi nzima, kuanzia ncha hadi kisigino, na hilo halijawahi kumtokea Mama Kanji tangu aanze kazi ya udobi akiwa msichana. Hakuligusa.

"Akifua," alisema. "Yule? Yule aliyekuwa hajui sabuni inaingia majini upande gani?"

Sasa nyie mnaosoma vitabu msije mkadhani Mama Kanji alimchukia marehemu. Hakumchukia. Alimjua, na kumjua mtu ni kazi nyingine kabisa. Baba Askofu alikuwa mtu wa haki na mkali kama pilipili, na kwenye nguo alikuwa na maringo ya bwana harusi. Kola isiyosimama hakuivaa. Jina la Mama Kanji lilitokana na hapo: kanji ya wanga aliyoichemsha yeye, nzito kiasi chake, ilisimamisha kola za askofu mpaka misa ya tatu bila kulegea. Siku moja ilizidi uzito, kola ikamkwaruza shingo, Baba Askofu akaivua mbele ya wageni akaitupa hadi karoni. Mama Kanji akaiokota, akamwambia, "Baba, ukinirushia nyingine, Jumapili utahubiri shingo wazi kama jogoo aliyenyonyolewa." Kesho yake askofu alikuja karoni mwenyewe, akasimama kwenye tope na viatu vyake vyeusi, akaomba msamaha. Hayo yote Mama Kanji alimweleza mwandishi. Kola, jogoo, tope, msamaha. Hamna hata moja lililoandikwa. Askofu wa kitabuni hakuwahi kukasirika, na kwa hiyo hakuwahi kuomba msamaha.

Lakini hilo la kola lingepita. La shuka halipiti.

Siku ya shuka ilikuwa hivi. Binti yake wa kwanza, wa miaka kumi na tisa, aliugua homa siku nne, na alfajiri ya siku ya tano akafa. Saa mbili asubuhi Mama Kanji alikuwa karoni nyumbani kwa askofu, anafua. Watu wakasema huyu ana moyo wa jiwe. Hawakujua kwamba mtu akipigwa na jambo kubwa, mikono yake hutafuta kazi inayoijua. Baba Askofu akapita akielekea kanisani, akamwona, akasimama. Hakuhubiri. Hakumwambia Mungu alitoa na Mungu ametwaa. Alirudi chumbani kwake, akavua shuka la kitanda chake, lile zito la pamba alilopewa siku ya kuwekwa wakfu, akaja nalo begani kama mchukuzi.

"La binti," akasema. "Ukamfunike."

"Silichukui likiwa limelaliwa," akajibu Mama Kanji. Ndivyo alivyo; hata msiba haukumfundisha adabu.

"Basi lifue."

Akalifua. Sabuni ya mche, maji matatu, na buluu kidogo. Ilipofika kulikamua, mikono ikakataa. Ilikufa ganzi, ikawa kama ya mtu mwingine. Baba Askofu akaweka kitabu chake cha sala juu ya ukuta, akakunja mikono ya kanzu, akashika ncha ya pili. Hakujua. Kila Mama Kanji alikozungusha, naye alizungusha huko huko, shuka likawa linabembea tu.

"Baba, usinifuate. Nipinge. Ukinifuata halisokoteki."

"Nikupinge?"

"Ndiyo. Mimi huku, wewe kule."

"Miaka yote hii nilidhani mpinzani ni wewe," akasema Baba Askofu, na wakacheka, siku ya msiba, Mungu awasamehe. Maji yakatoka. Sista mmoja mgeni, aliyekuwa na kamera, akawapiga picha kutoka barazani bila kujua anachokipiga. Jioni binti akazikwa amefunikwa shuka la askofu.

Mama Kanji alipofika hapo katika maelezo yake, miaka mingi baadaye, kwenye kigoda mbele ya mwandishi, aliona kijitaa chekundu cha kinasa sauti kikizimika. Mwandishi alikuwa amekibonyeza kwa kidole gumba.

"Betri, mama," alisema.

Betri! Na dakika tano baadaye, alipouliza habari za ziara ya kwenda ng'ambo, betri ikafufuka.

Jumatano hiyo jioni mkwe alikaa akamsomea mama mkwe wake kitabu, sura baada ya sura, na Mama Kanji alivumilia mpaka sura ya kumi na moja, yenye kichwa Misalaba ya Siri. Mkwe akasoma: "Chini ya kola, ndani ya upindo wa kanzu, hata ndani ya soksi, Baba Askofu alishona kwa mkono wake mwenyewe msalaba mdogo mwekundu, akikumbuka madonda ya Bwana. Hakumwambia mtu yeyote. Siri hii takatifu tuliigundua katika kabati lake baada ya kifo chake."

Mama Kanji akaanza kucheka, kicheko kinachoanzia tumboni.

"Nini, mama?"

"Hiyo ni alama ya dobi!"

Ilikuwa alama ya dobi. Kwa kuwa hakujua kuandika majina ya watu kwenye nguo, Mama Kanji alijitungia alama zake kwa uzi mwekundu, mishono miwili inayokatana, upande wa ndani, ili nguo zisichanganyike kwenye maji. Alama moja: nguo za askofu. Alama mbili: nguo za padri katibu wa wakati huo. Alama tatu: vitambaa vya jikoni.

"Kwenye soksi, mama!" Mkwe alikuwa amejishika mbavu. "Madonda ya Bwana kwenye soksi!"

"Soksi zake zilikuwa zinapotea kwa katibu!"

Wakacheka mpaka machozi, kisha Mama Kanji akanyamaza ghafla, kama bomba lililofungwa. Akajifuta uso kwa kiganja. "Mkono wangu kaukata," alisema, "na uzi wangu kampa mwingine. Mimi nilikuwa wapi miaka yote hiyo, mwanangu? Nilikufa?"

Alhamisi asubuhi alivaa gauni lake la kanisani, akachomeka kifuani sindano yenye uzi kama desturi yake, akaenda nyumba ya askofu kwa miguu. Bawabu wa zamani akamfungulia geti.

"Mama Kanji! Umekuja kuifunza kazi ile mashine yao ya kufulia? Juzi imetafuna mapazia."

"Nimekuja kugombana. Padri Katibu yupo?"

"Yupo." Bawabu akarudi nyuma hatua moja. "Mimi sikukuona ukipita."

Kile chumba cha chini, kilichokuwa stoo ya kanji na sabuni, kilikuwa kimepakwa rangi na kufanywa chumba cha kumbukumbu. Kanzu za marehemu zilitundikwa zimegeuzwa ndani nje ili misalaba ionekane. Katikati ya chumba, juu ya kitambaa cha zambarau, palikuwa na kisanduku cha kioo. Mwanamke mmoja mjamzito alikuwa amepiga magoti mbele yake, paji la uso limegusa kioo, midomo inacheza. Mama Kanji akasogea atazame ni kitu gani kinachoombewa hivyo.

Ndani palikuwa na kitambaa cha kijivu chenye alama tatu za uzi mwekundu. Pembeni, kikaratasi. Akasoma polepole, na kadiri alivyosoma ndivyo damu ilivyompanda: Kitambaa alichofutia machozi katika sala zake za faragha. Misalaba mitatu, ishara ya Utatu Mtakatifu.

"Mwanangu," alimnong'oneza yule mjamzito, "inuka. Hicho ni cha kufutia sufuria."

Mwanamke akamtazama kama anayetazama mwendawazimu. "Bibi, tafadhali. Nasali."

"Najua unasali. Ndiyo maana nakwambia."

Padri Katibu akatokea mlangoni. Alikuwa padri kijana, mgeni pale, miwani yake safi kuliko madirisha. Mama Kanji alimwita Baba kama inavyopasa, ingawa kwa umri angeweza kuwa kitinda mimba wake.

"Baba, mnaombesha watu masizi."

"Mama, sauti."

"Sauti nitaishusha mkishusha kile kitambaa."

Akamweleza. Alama moja, alama mbili, alama tatu. Padri Katibu alisikiliza huku akitazama saa yake, kisha akasema kwa upole ule wa kumtoa mtu mlangoni, "Sawa, mama. Hata kama ni hivyo, imani ya watu inajengwa na mambo madogo. Kwani shida yako hasa ni nini? Ni posho?"

"Nataka mkono wangu."

"Mkono gani?"

"Huu." Akakunja gauni hadi kisugudi, akamwonyesha kovu. "Uko ukurasa wa themanini na tatu. Hauna mwenyewe. Na shuka lile si lake, ni sanda ya mwanangu. Nataka liandikwe hivyo kabla watu hawajalisoma lile jingine."

Mwandishi mwenyewe akaingia wakati huo huo, amebeba boksi la vitabu kifuani. Alipomwona Mama Kanji akatabasamu mapema mno. "Shikamoo, mama yangu! Umekiona? Kimependeza, eh?"

"Kimependeza. Mbona umenikata?"

"Ah, ile picha ilikuwa pana, mama. Ikabidi tuipunguze."

"Ukaipunguza mtu."

Akaweka boksi chini. Alikuwa na adabu, hilo lazima lisemwe, na adabu hiyo ndiyo iliyomtia Mama Kanji hasira zaidi. "Mama, nikueleze kitaalamu. Msomaji anahitaji mfano wa kuiga. Askofu anayefua shuka zake, hilo linagusa mioyo."

"Na askofu anayekamua sanda ya mtoto wa dobi halikukugusa?"

"Lilinigusa sana. Lakini hiyo, mama..." Akatafuta neno. "Hiyo ingekuwa habari yako. Si yake."

Mama Kanji aliwahi kuunguzwa na pasi, na kanji ya moto, na maji ya kuchemka. Hakuna kilichowahi kumwingia kama maneno hayo manne, habari yako, si yake. Kama kwamba siku ile Baba Askofu alikuwa anakamua hewa. Kama kwamba wema unaweza kufanyika bila wa kufanyiwa.

"Vitabu vimeshachapwa, mama. Elfu mbili. Toleo la pili nitakutaja kwenye shukrani."

"Nani anasoma shukrani?"

Padri Katibu akaingilia kati, kwa kuwa yule mjamzito alikuwa ameinuka na kuanza kusikiliza. "Tufanye hivi. Jumamosi kuna nafasi ya waliomfahamu marehemu. Dakika tatu kila mmoja. Mama Kanji naye aseme machache, amshukuru mwandishi, yaishe."

"Nitakuja," alisema Mama Kanji, na bawabu, aliyekuwa amejificha nyuma ya mlango akisikiliza, alisimulia baadaye kwamba aliposikia lile neno alimhurumia mwandishi kuliko alivyowahi kumhurumia mtu.

Ijumaa mkwe akamuuliza Mama Kanji kama ameandaa maneno, amuandikie kwenye karatasi. "Maneno ya nini? Yeye ana maneno kurasa mia tatu. Nitafutie ndoo yenye mfuniko."

Jumamosi ukumbi wa parokia ukajaa. Mapadri mbele, masista nyuma yao, wanakwaya, waandishi wengine wamekuja kumtazama mwenzao akipongezwa. Walionena kabla walinena vizuri. Dereva wa zamani alisema marehemu hakupenda mwendo wa kasi. Mwalimu mkuu mmoja alisoma mistari kutoka sura ya kumi na moja, na watu wakapangusa macho kwa ajili ya soksi. Kisha mshereheshaji akatangaza, "Na sasa aliyekuwa msaidizi wa usafi."

"Dobi!" Mama Kanji alimsahihisha akiwa bado anatembea. Mkwe alikuwa nyuma yake na ndoo.

Hakupanda jukwaani. Alisimama chini, mbele ya meza ya wageni, akafunua ndoo, akatoa shuka la kitanda chake mwenyewe, zito la pamba, limelowa chepechepe. Watu wakanong'onezana.

"Mimi sijui kusema," alisema. "Ila nimesoma ukurasa wa themanini na tatu, na nimeufurahia sana. Miaka thelathini na mmoja nilikuwa nakamua mashuka na mwenzangu wa jikoni, tunachoka. Kumbe inawezekana mtu mmoja! Mwandishi wetu ametufumbua macho. Baba, mwambie aje anionyeshe."

Kicheko kidogo. Padri Katibu akatikisa kichwa, lakini paroko mzee aliyekaa pembeni yake alikuwa ameshaanza kupiga makofi, naye kwa uziwi wake labda alidhani ni mchezo wa watoto wa katekisimu. Makofi yakaenea. Mwandishi hakuwa na pa kukimbilia. Akaja, akavua koti, akapokea shuka.

Akalisokota mwanzo, likafumuka mwisho. Akalikanyaga ncha moja, maji yakaingia viatuni. Akaifunga kwenye mgongo wa kiti, akavuta; kiti kikamfuata. Sasa watu walikuwa wanacheka waziwazi, na mtu wa nyuma akapaza sauti, "Lisomee sura ya kumi na moja, labda litakauka!"

"Mmeona?" Mama Kanji alisema, na ukumbi ukatulia, maana sauti yake haikuwa na mzaha tena. "Shuka la maji halikamuliwi na mtu mmoja. Hata askofu. Hata mtakatifu." Akaokota ncha ya pili kutoka sakafuni. "Zungusha. Hapana, unanifuata. Usinifuate, nipinge. Mbona kwenye kitabu ulijua kunipinga?"

Mwandishi akazungusha upande wake. Shuka likajisokota, likakaza, likawa gumu kama kamba ya kisimani, na maji yakamwagika sakafuni kwa mkupuo mmoja mpaka masista wa mstari wa mbele wakanyanyua miguu.

Mama Kanji akakunja mkono wa gauni mpaka juu. "Wenye vitabu, fungueni themanini na tatu."

Karatasi zikalia ukumbi mzima. Halafu vichwa vikaanza kuinuka, kimoja kimoja, kutoka kitabuni hadi kwenye mkono wake, na kurudi kitabuni.

Akawaambia. Hakulia, na hakupunguza. Aliwaambia homa ya siku nne, na karo, na shuka lililovuliwa kitandani, na "nikupinge?", na kicheko. Akawaambia kola iliyotupwa na askofu aliyesimama topeni kuomba radhi. Akawaambia alama moja, mbili, tatu, na kitambaa cha sufuria kilichomo kwenye kioo. Mshereheshaji alimwonyesha saa mara mbili. Mara ya tatu bawabu akamwondolea saa mkononi.

"Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni," alimaliza. "Mlikuwa na mtu mzuri, mkali, mwenye maringo, aliyejua kushika ncha ya pili. Mkaona hatoshi. Mkamkata, mkashona wenu." Akageuka kwa mwandishi, ambaye bado alikuwa ameshika shuka, maji yanamdondoka kwenye viwiko. "Na ulipozima kile kidude chako hukunizima mimi. Ulimzima yeye."

Kwaya haikujua iimbe nini.

Wa kwanza kuinuka alikuwa yule mjamzito wa chumba cha kumbukumbu. Alikuja mbele na kitabu chake, macho mekundu, uso wa mtu aliyeibiwa. "Kwa hiyo siku zote hizi nilikuwa nasalia sufuria, bibi?"

"Ulimsalia Mungu. Kitambaa ndicho hakikuwa na habari."

Mwanamke akacheka huku analia. Akafungua kitabu ukurasa ule, akamnyooshea kalamu. "Basi niandikie hapa huo mkono ni wa nani."

"Siandiki," alisema Mama Kanji. "Nipe kitabu."

Akachomoa sindano kifuani. Akatoboa karatasi pembeni mwa picha, pale pale mkono unapokatikia, akapitisha uzi mwekundu, mishono miwili inayokatana, akafunga fundo kwa nyuma, akakata kwa jino. Alama moja, ile ile ya kola na soksi. Mwanamke akaipapasa kwa kidole.

Kisha akaja dereva wa zamani. Kisha masista wawili. Kisha mwalimu mkuu, ameinamisha kichwa. Mkwe akasogeza kiti, akatunga uzi kwenye sindano ya pili ili kazi isisimame, na foleni ikaenda mpaka mlangoni. Mama Kanji hakumchekea mtu. Alishona kama alivyoshona miaka yote, haraka, bila kusifiwa, akigomba mtu akifungua ukurasa usio wenyewe. Padri Katibu alitoka kwa mlango wa nyuma, na walioketi karibu na dirisha walimwona akivuka ua kwenda chumba cha kumbukumbu, na akitoka humo na kitu cha kijivu amekikunja mkononi.

Mwisho wa foleni alisimama mwandishi. Shati lilikuwa limemgandia mwilini. Hakutabasamu. Aliweka kitabu mezani, nakala yake mwenyewe, na kukifungua panapostahili.

Mama Kanji akatunga uzi upya, mrefu kuliko wa wenzake, akashona. Alama moja. Akaendelea. Mbili. Akaendelea. Tatu, zimepangana pembeni mwa picha. Mkwe akageuza uso ukutani, mabega yakimtikisika.

Mwandishi alihesabu. "Mama, wenzangu umewapa moja moja."

"Macho unayo."

"Tatu ndizo za..." Akakumbuka aliyoyasikia punde.

"Ndizo za nini? Sema." Mama Kanji akakata uzi kwa jino. Akarudisha sindano kifuani, akakifunga kitabu, akamsukumia. "Jumatatu nipo nyumbani kutwa nzima. Kuna shati la mtu nimeliunguza, nina deni la kuomba msamaha. Nikimaliza hilo, njoo. Lete betri."